Gundi ndani ya betri: utafiti wa Birmingham na maana yake kwa Afrika Mashariki

Ndani ya kila betri ya simu ya mkononi, ya kompyuta au ya gari la umeme mna gundi. Haionekani kwa macho, uzito wake ni mdogo mno, na ni nadra kutajwa pale wanasiasa na wafanyabiashara wanapozungumzia madini ya lithiamu, kobalti na kinywe. Hata hivyo, gundi hiyo ina sauti kubwa katika kuamua betri itadumu miaka mingapi, wafanyakazi wa kiwandani watavuta hewa ya namna gani, na iwapo madini yaliyochimbwa Kongo, Tanzania au Msumbiji yataweza kutolewa tena betri itakapochoka.

Mjini Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa nchini Uingereza, suala hili dogo limegeuka kuwa kazi kubwa. Tangu mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Birmingham kimekuwa kiongozi wa mradi wa kitaifa wa kutafuta njia za kurejeleza betri za magari, na miongoni mwa vikwazo ambavyo watafiti wamekumbana navyo ni hiyo gundi iliyoundwa ili isiachie kamwe.

Gundi ya betri ni nini?

Betri ya lithiamu inayochajiwa upya ina ncha mbili, ncha hasi na ncha chanya, ambazo kwa lugha ya kitaalamu huitwa elektrodi. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu zenye chaji, yaani ayoni, hutoka ncha chanya, hupita katika kimiminika kinachoitwa elektroliti na kuingia katika ncha hasi. Betri inapotumika, chembe hizo hurudi zilikotoka, na umeme hupita katika waya wa nje na kuendesha simu au gari.

Vitu vinavyohifadhi lithiamu katika ncha hizo si vipande vigumu vya chuma. Ni unga. Ncha hasi kwa kawaida hutengenezwa kwa unga wa kinywe, madini yale yale yanayotumika kutengenezea penseli. Ncha chanya hutengenezwa kwa unga wa oksidi ya nikeli, manganizi na kobalti, au kwa unga wa fosfati ya chuma na lithiamu. Unga peke yake hauwezi kusimama. Lazima ushikamane wenyewe kwa wenyewe, na pia ushike barabara juu ya karatasi nyembamba ya madini: shaba kwa upande wa ncha hasi, alumini kwa upande wa ncha chanya.

Kazi hiyo ya kushikanisha hufanywa na polima. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo, ambayo pingu zake ni molekuli ndogo zinazojirudia mara maelfu. Plastiki ni polima, mpira ni polima, na vile vile nyuzi za pamba na wanga wa muhogo. Minyororo hiyo hujisokota baina ya chembe za unga na kuzifunga pamoja, mfano wa nyasi zinazochanganywa na udongo wa kukandikia nyumba ili ukuta usimomonyoke.

Kiasi chake ni kidogo. Katika elektrodi nyingi za viwandani gundi haizidi asilimia 2 hadi 5 ya uzito. Kwa ncha hasi yenye kilo 50 za kinywe, gundi ya asilimia 2 ni takriban kilo 1 tu. Lakini ikikosekana kilo hiyo, kilo 50 zilizobaki hubanduka na kuwa vumbi lisilofaa kitu.

Elektrodi inavyotengenezwa

Utengenezaji wa elektrodi unafanana kwa namna fulani na upakaji wa rangi. Gundi huyeyushwa kwanza katika kimiminika. Unga wa madini huongezwa, pamoja na kaboni nyeusi kidogo ya kupitisha umeme, na mchanganyiko hukorogwa hadi uwe uji mzito. Uji huo humwagwa kwa unene mdogo juu ya karatasi ya shaba au alumini, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Kisha karatasi hupitishwa katika tanuri refu la kukaushia, na mwishowe hukandamizwa kati ya magurudumu mazito ili unga ushikamane zaidi.

Katika kila hatua gundi ina wajibu wake. Isipoyeyuka vizuri, uji huwa na madonge. Ukaushaji ukifanywa kwa haraka kupita kiasi, gundi hupanda juu pamoja na kimiminika kinachotoka, na sehemu ya chini inayogusa karatasi hubaki na gundi haba. Hapo elektrodi hubanduka mapema. Gundi ikizidi, huziba vijia vya ayoni na huzuia umeme, kwa kuwa polima nyingi hazipitishi umeme. Mhandisi hutafuta kiwango cha katikati: gundi ya kutosha kushika, lakini isiyotosha kuziba.

Mradi mwingine wa Uingereza uitwao Nextrode, ulioanza mwaka 2019 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oxford, unahusu hasa namna ya kutengeneza elektrodi kwa ustadi zaidi. Birmingham ni mmoja wa washirika wake, pamoja na vyuo vikuu vya Sheffield, Southampton, Warwick na University College London.

PVDF: gundi imara yenye gharama

Tangu kampuni ya Sony ya Japani ilipoingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ayoni mwaka 1991, gundi iliyotawala viwandani ni polivinilidini floraidi, inayofahamika kwa kifupi kama PVDF. Ni polima iliyojengwa kwa kaboni, haidrojeni na florini. Muungano wa kaboni na florini ni miongoni mwa miungano yenye nguvu kabisa katika kemia, na kwa sababu hiyo PVDF haiharibiwi kwa urahisi na elektroliti, wala na hali kali iliyomo katika ncha chanya.

Uimara huo ndio sifa yake, na ndio taabu yake.

Kwanza, PVDF haiyeyuki katika maji. Viwanda hutumia kiyeyusho kiitwacho NMP, ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 202 hivi. Kukikausha kunahitaji joto jingi, na kwa kuwa mvuke wake hauruhusiwi kuachwa hewani, kiwanda hulazimika kuwa na mitambo ya kuukusanya na kuurudisha katika hali ya kimiminika. Umoja wa Ulaya umekiorodhesha NMP miongoni mwa kemikali zinazodhuru uzazi, na masharti makali ya kuwalinda wafanyakazi dhidi yake yalianza kutumika mwezi Mei mwaka 2020.

Pili, PVDF imo katika kundi kubwa la kemikali zenye florini zinazojulikana kama PFAS, ambazo zimepewa jina la kemikali za milele kwa vile haziozi katika mazingira. Mwezi Februari mwaka 2023, shirika la kemikali la Umoja wa Ulaya lilichapisha pendekezo la Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway la kuzuia kwa jumla kemikali za kundi hilo, ambazo idadi yake inazidi 10,000. Watengenezaji wa betri walijikuta katika mjadala huo. Hoja yao ni kuwa polima kama PVDF haina madhara sawa na kemikali ndogo za kundi hilo zinazopenya katika maji ya kunywa. Wanaounga mkono pendekezo hujibu kwamba madhara yahesabiwe tangu kutengenezwa kwake hadi kutupwa.

Tatu, na hili ndilo lililowagusa zaidi watafiti wa Birmingham, betri iliyochoka inapochomwa, florini iliyomo ndani yake, katika gundi na katika elektroliti, huweza kutoa gesi ya haidrojeni floraidi, ambayo ni sumu kali na inayochoma mapafu.

Selulosi yachukua nafasi

Kwa upande wa ncha hasi mabadiliko yamekwisha kutokea. Viwanda vingi vimeiacha PVDF na kutumia mchanganyiko wa vitu viwili: kaboksimethili selulosi, yaani CMC, na mpira wa sanisia. CMC hutengenezwa kutokana na selulosi, polima inayojenga miti na pamba, na tayari imo majumbani katika dawa ya meno na malai ya barafu, ambamo kazi yake ni kufanya uji uwe mzito. CMC huyeyuka katika maji ya kawaida. Mpira huongezwa kwa sababu CMC peke yake ikikauka huvunjika kwa wepesi.

Faida yake ni ya wazi. Maji hayana sumu, hayahitaji mitambo ya kuyakusanya, na ni rahisi kuliko NMP. Zaidi ya hayo, betri ikifika mwisho wa maisha yake, gundi iliyoingia kwa maji inaweza kulegezwa kwa maji.

Ncha chanya imekuwa ngumu zaidi. Unga wenye nikeli nyingi hauelewani na maji: lithiamu hutoka juu ya chembe, maji hugeuka kuwa na ualkali mkali, na ualkali huo hula karatasi ya alumini. Njia mojawapo ya kupunguza tatizo ni kuongeza asidi kidogo, kwa mfano asidi ya fosforasi, ili kusawazisha uji kabla haujamwagwa juu ya karatasi. Unga wa fosfati ya chuma, kinyume chake, huvumilia maji vizuri zaidi.

Silikoni na somo la mwani

Gundi imepata umuhimu mwingine kwa sababu ya silikoni. Gramu moja ya kinywe inaweza kuhifadhi chaji isiyozidi miliampea-saa 372. Silikoni inaweza kuhifadhi karibu mara kumi ya hiyo. Kwa gari la umeme, maana yake ni betri nyepesi au safari ndefu zaidi kwa chaji moja.

Tatizo ni kwamba silikoni inapopokea lithiamu hutanuka hadi kuzidi mara tatu ya ujazo wake wa awali, na hunywea tena inapoitoa. Kinywe hutanuka kwa asilimia 10 hivi tu. Baada ya mizunguko michache ya kuchaji, chembe za silikoni hupasuka, huachana na jirani zake na kupoteza mawasiliano na karatasi ya shaba. PVDF, ambayo hushika kwa mguso hafifu, haiwezi kustahimili mvutano huo.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani kutoka taasisi ya Georgia Tech na Chuo Kikuu cha Clemson walieleza katika jarida la Science kwamba alginati, polima inayotolewa katika mwani wa rangi ya kahawia, huishika silikoni vizuri kuliko PVDF na hata kuliko CMC. Sababu ni kwamba mnyororo wa alginati una vikundi vingi vya kemikali vinavyofungamana moja kwa moja na uso wa silikoni. Asidi ya poliakriliki, polima inayotengenezwa viwandani, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tangu hapo, utafiti wa gundi umeacha kuiangalia kama kijazio tu. Sasa inatazamwa kama sehemu hai ya betri.

Kwa wakazi wa Zanzibar habari ya mwani si ngeni. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza visiwani humo mwaka 1989, na katika vijiji vya pwani kama Paje na Jambiani wengi wa wakulima ni wanawake. Lakini ni vyema kutofautisha. Aina zinazolimwa Zanzibar, zinazojulikana kibiashara kama spinosum na cottonii, hutoa karajini, inayotumiwa katika vyakula na vipodozi, na si alginati. Alginati hutoka katika mwani wa kahawia, na baadhi ya aina zake, kama vile sargasamu, huota zenyewe katika pwani ya Afrika Mashariki. Karajini nayo imejaribiwa maabara kama gundi ya betri, ingawa haijawa bidhaa ya kawaida viwandani.

Kwa nini Birmingham?

Historia ya Birmingham na polima ni ndefu. Alexander Parkes, aliyezaliwa jijini humo mwaka 1813, ndiye aliyevumbua Parkesine, kitu kinachohesabiwa kuwa plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Aliitengeneza kwa kuichanganya selulosi na asidi ya naitriki, na kuionyesha hadharani katika Maonyesho ya Kimataifa ya London mwaka 1862. Kabla ya hapo Parkes alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha Elkington cha Birmingham, kilichopata sifa kwa kupaka fedha juu ya vyombo kwa kutumia umeme.

Mwaka 1937 Walter Norman Haworth, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Birmingham, alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa kabohaidreti na vitamini C. Haworth na wenzake walisaidia kuufahamisha ulimwengu jinsi sukari zinavyofungamana na kuwa minyororo mirefu kama wanga na selulosi. Mwanafunzi na mshirika wake, Maurice Stacey, aliendeleza chuoni hapo utafiti wa kemia ya florini. Kwa hiyo jamaa mbili za polima zinazoshindana leo ndani ya betri, zile za selulosi na zile za florini, zote zina ukurasa katika historia ya maabara za Edgbaston, kitongoji kilipo chuo hicho.

Kuna sababu ya kiuchumi pia. Birmingham na miji inayoizunguka imeishi kwa viwanda vya magari kwa zaidi ya karne moja. Kufungwa kwa kampuni ya MG Rover ya Longbridge mwezi Aprili mwaka 2005 kuliwaacha maelfu ya wafanyakazi bila ajira. Kuhamia magari ya umeme kunaleta swali iwapo kazi za eneo hilo zitapotea au zitabadilika sura. Katika mji jirani wa Coventry serikali ilijenga kituo cha kitaifa cha kujaribia utengenezaji wa betri, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2021. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Birmingham ilianzisha eneo la hewa safi katikati ya jiji, ambamo magari yanayotoa moshi kupita kiwango hutozwa ada ya kila siku. Hatua hiyo iliwagusa madereva wa teksi, kazi inayofanywa na wahamiaji wengi jijini humo.

Mradi wa ReLiB

Taasisi ya Faraday, chombo cha utafiti wa betri cha Uingereza kilichoundwa mwaka 2017, iliukabidhi Chuo Kikuu cha Birmingham uongozi wa mradi wa kurejeleza betri za lithiamu, unaojulikana kwa kifupi kama ReLiB. Kiongozi wake wakati wa kuanzishwa mwaka 2018 alikuwa Profesa Paul Anderson. Miongoni mwa wanaoshiriki ni Profesa Emma Kendrick, mtaalamu wa vifaa vya nishati aliyewahi kufanya kazi katika viwanda vya betri, na Profesa Rustam Stolkin, anayeshughulikia roboti zinazoweza kufungua betri hatari bila kumweka binadamu karibu.

Mwezi Novemba mwaka 2019 timu hiyo, ikiongozwa na Gavin Harper wa Birmingham, ilichapisha katika jarida la Nature tathmini iliyosomwa sana. Ilikadiria kwamba magari milioni 1 ya umeme yaliyouzwa duniani mwaka 2017 peke yake yatazaa tani 250,000 za betri zilizochoka. Tathmini hiyo ilionyesha pia kwamba betri nyingi za magari hazikuundwa kwa nia ya kufunguliwa. Zimefungwa kwa gundi na kuchomelewa kwa namna mbalimbali, kila kampuni kwa mtindo wake.

Njia za kawaida za kurejeleza ni mbili. Ya kwanza ni kuyeyusha betri nzima katika tanuri la joto kali. Kobalti, nikeli na shaba hupatikana, lakini kinywe na gundi huungua, na lithiamu na alumini huishia katika takataka za tanuri ambamo ni vigumu kuzitoa. Ya pili ni kusaga betri kuwa unga mweusi na kuuosha kwa asidi. Njia hii hupata madini mengi zaidi, lakini unga huo ni mseto wa kila kitu: ncha zote mbili, shaba, alumini na gundi. Kutenganisha kilichokwisha kuchanganywa ni ghali.

ReLiB imetafuta njia ya tatu: kutenganisha ncha hasi na ncha chanya kabla ya kusaga, kubandua unga kutoka katika karatasi yake ukiwa mzima, kuurekebisha na kuutumia tena bila kuuvunja hadi kuwa chumvi za madini. Hapo ndipo gundi inapokuwa mlango. Ikiachia, unga hutoka safi. Isipoachia, hakuna njia ila moto au asidi.

Gundi inayojua kuachia

Mwaka 2021 washirika wa mradi huo katika Chuo Kikuu cha Leicester walieleza njia ya kutumia mawimbi makali ya sauti yasiyosikika kwa binadamu. Elektrodi hupitishwa katika maji au asidi hafifu chini ya chombo kinachotetemeka kwa kasi. Mapovu madogo huzaliwa na kupasuka juu ya uso wa elektrodi, na mshtuko wake hubandua unga kutoka katika karatasi kwa muda usiofika sekunde 10.

Watafiti hao hao wakaliuliza swali kwa upande wa pili: badala ya kutafuta nguvu ya kuishinda gundi, kwa nini isichaguliwe gundi rahisi kuondoa tangu mwanzo? Mwaka 2022 walichapisha utafiti kuhusu elektrodi zilizofungwa kwa alginati na kwa jelatini, ile inayopatikana katika ngozi na mifupa ya wanyama. Polima hizo huvimba na kulegea katika maji, lakini haziyeyuki katika elektroliti, ambayo haina maji. Kwa maneno mengine, gundi inaweza kushika kwa miaka yote ambayo betri imefungwa, na kuachia siku inapofunguliwa na kuoshwa.

Si kwamba tatizo limekwisha. Gundi yoyote ya maji hubeba hatari ya kuacha unyevu ndani ya betri, na unyevu kidogo tu huharibu elektroliti. Polima zinazotoka katika mimea na wanyama hutofautiana ubora kutoka shehena moja hadi nyingine, jambo ambalo viwanda havilipendi. Na betri zilizomo barabarani leo zimekwisha kufungwa kwa PVDF. Zitarudi kwa wingi katika miaka ijayo, na ni lazima zishughulikiwe zilivyo.

Wapo pia wanaotaka kuacha vimiminika kabisa. Katika utengenezaji mkavu, unga huchanganywa na polima aina ya tefloni, ambayo ikikandamizwa hujivuta kuwa nyuzi nyembamba na kuushika unga kama utando wa buibui. Kampuni ya Tesla iliinunua kampuni ya Maxwell mwaka 2019, ambayo ilikuwa na ujuzi wa njia hiyo. Tanuri la kukaushia huondoka na NMP huondoka, lakini tefloni nayo ina florini, na hivyo imo katika mjadala ule ule wa kemikali za milele.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote duniani, sehemu kubwa katika mkoa wa Lualaba unaozunguka mji wa Kolwezi. Mwezi Januari mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika migodi ya wachimbaji wadogo. Tanzania ina kinywe katika maeneo ya Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na nikeli huko Kabanga, wilaya ya Ngara. Msumbiji imekuwa ikichimba kinywe huko Balama tangu mwaka 2017.

Kwa nchi hizo urejelezaji una sura mbili. Kila kilo ya kobalti inayorudishwa kiwandani ni kilo isiyohitaji kuchimbwa kwa mikono. Lakini pia ni kilo isiyonunuliwa. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2023 inaagiza kwamba kuanzia mwaka 2031 betri mpya za magari ziwe na angalau asilimia 16 ya kobalti iliyorejelezwa, na asilimia 6 kwa lithiamu na nikeli. Nchi zinazouza madini ghafi hazina budi kuliweka hilo katika hesabu zao.

Kwa upande mwingine, Afrika Mashariki imekuwa mtumiaji. Pikipiki za umeme zinabeba abiria Kigali na Nairobi, mabasi ya umeme yanaonekana jijini Nairobi, na Ethiopia mwaka 2024 ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Betri hizo zote zitachoka. Nyingi ni za fosfati ya chuma, ambazo hazina kobalti wala nikeli. Ni salama zaidi na ni za bei nafuu, lakini kwa sababu hiyo hiyo anayeziyeyusha hapati madini ya kumlipa gharama za moto. Betri ya namna hiyo huwa na thamani ya kurejeleza pale tu unga wake unapoweza kutolewa mzima na kutumika tena, jambo linalotegemea kwa sehemu kubwa gundi iliyotumika siku ilipotengenezwa.

Uamuzi huo haufanywi Nairobi wala Kigali. Hufanywa na mtengenezaji, mara nyingi barani Asia, ambaye huangalia kwanza bei na uimara. Lakini nchi inayonunua ina uwezo wa kuuliza: ndani ya betri hii mna gundi gani, inaondolewaje, na nani ataichukua itakapochoka? Ulaya imeanza kudai taarifa za namna hiyo kisheria. Kuanzia mwezi Februari mwaka 2027, betri za magari zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na pasi ya kielektroniki inayoeleza vitu vilivyomo ndani yake na namna ya kuifungua. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam zitapokea betri nyingi za aina hizo hizo, na ni juu ya serikali za eneo hilo kuamua kama zitadai taarifa hizo hizo.